Kome Mtoboa Mwamba: Kipimo Kinachopotosha

Katika Bahari ya Kati huishi kome mwenye gamba la kahawia, ambaye Waitalia humwita tende ya bahari kwa sababu ya umbo lake. Makao yake ni shimo alichimbalo ndani ya mwamba wa chokaa, si kwa nguvu ya gamba, bali kwa majimaji yatokayo mwilini mwake na kuyeyusha jiwe. Jamaa zake hutoboa matumbawe ya Bahari ya Hindi.

Wako wasemao kwamba mnyama atoaye mayai mengi namna ile kila kiangazi hawezi kwisha. Hoja hiyo ni dhaifu. Mabuu huelea majini, na walio wengi huliwa au hukosa mahali pa kushika. Yule apataye mwamba hukua polepole mno: kufikia urefu wa sentimita 5 humchukua miaka 15 hadi 35. Katika sahani moja, huenda baadhi ya kome wamemzidi mpishi umri.

Hata hivyo, hasara kubwa haimo katika idadi ya kome wanaovuliwa. Mdomo wa shimo ni mwembamba, kwa kuwa ulichimbwa kome alipokuwa mchanga. Akiisha kunenepa humo ndani hawezi kutoka tena, wala hakuna awezaye kumtoa ila kwa nyundo na patasi. Mwamba huvunjwa, na pamoja nao hupotea mwani, sifongo na viumbe wadogo walioufunika. Kisha wanyama wa miiba walao mwani huja kulikwangua jiwe, likabaki tupu kwa miaka mingi. Hali hiyo imeonekana wazi katika pwani ya Puglia, kusini mwa Italia.

Italia ilipiga marufuku kabisa uvuvi huo mwaka 1998, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 ikakataza kumvua na kumwuza. Bado huuzwa kwa siri, tena kwa bei kubwa. Haifai kumwandama mzamiaji peke yake huku mlaji, atoaye fedha, akiachwa mezani kwa amani. Wala haifai adhabu kupimwa kwa uzito wa kome waliokamatwa. Kilo moja ikinaswa sokoni, swali la kwanza la hakimu liwe hili: ni eneo gani la mwamba lililovunjwa ili kuipata?