Kuita kwa Jina, si kwa Kuhesabu Madawati

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu palikuwa na mkufunzi aliyeita mahudhurio kwa kuhesabu madawati: safu ya pili, dawati la tatu, yupo. Siku moja madawati yalihamishwa kwa sababu paa lilivuja, naye akamwandika mtoro mwanachuo aliyeketi mbele ya macho yake. Nilimwita ofisini.

Mkufunzi huyo nimekutana naye tena uzeeni, ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu. Kijana huandika programu za kujaribu kurasa za intaneti: programu inafungua fomu, inaijaza, inaituma, inatoa ripoti. Kisanduku cha kujaza hutafutwa kwa XPath, lugha ya kuelekeza njia iliyopitishwa mwaka 1999. Akanionyesha mfano: /html/body/div[2]/form/div[3]/input. Yaani nenda fungu la pili, ingia fomu, hesabu hadi la tatu. Jina halimo! Fundi akiongeza mstari mmoja juu, namba ya simu inaandikwa penye tarehe ya kuzaliwa, au jaribio linaanguka, na wote wanailaumu XPath.

Wanaionea. Lugha hiyohiyo inajua kuuliza kwa adabu: //input[@id=//label[normalize-space()='Namba ya simu']/@for]. Maana yake, nitafutie kisanduku kilichofungwa na maandishi haya. Ni ndefu, sikatai. Wapinzani husema maneno nayo hubadilika. Yabadilike! Neno likibadilika machoni pa mwananchi, nataka mjaribu ashtuke. Kisanduku kikisogezwa tu, wa nini kumsumbua?

Linaloniudhi hasa ni kwamba katika fomu nyingi maandishi hayakufungwa na kisanduku chochote. Yamewekwa jirani, basi. Mwalimu mmoja niliyemfundisha, asiyeona, hutumia kompyuta inayomsomea kwa sauti. Alipofungua fomu ya idara fulani, kila kisanduku kilimtajia kwamba hapa ni pa kuandika. Aandike nini? Na fomu ya namna hiyo hufaulu majaribio yote ya kuhesabu, kwa kuwa anayehesabu hahitaji jina. Jaribio la kuuliza kwa jina lingeanguka siku ya kwanza, na fundi angelazimika kurudi kazini.

Mwalimu wangu alijaziwa na mtoto wa jirani, ambaye sasa anajua hadi mshahara wake.