Michezo ya Video: Heri Vijana Wacheze Upande Mmoja

Jioni moja hapa Isiolo, baada ya sala ya Alasiri, nilipita mbele ya chumba kimoja cha michezo ya video nikasikia kelele za ugomvi. Nilipochungulia ndani niliwaona vijana wawili wamekabana mashati. Mmoja alikuwa amefungwa mabao matatu katika mpira wa kwenye televisheni, na desturi ya chumba kile ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipia mechi. Yeye alidai pedi aliyopewa ilikuwa mbovu, kwa hivyo halipi. Mwenzake akamjibu kwa maneno yasiyohusu pedi wala mpira. Alilitaja kabila lake.

Chumba kizima kilinyamaza. Mwenye chumba, kijana mwenye busara kupita umri wake, aliwatenganisha, akasema siku hiyo hataki pesa ya yeyote kati yao. Wawili hao walikuwa marafiki tangu madrasa. Mimi nilishika njia yangu, lakini neno lile lilinikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza: mambo ya Isiolo yatuhusu nini? Nami ni mtu wa pwani, niliyeletwa huku na kazi, na nasema yanatuhusu sana. Kwanza, vyumba kama hivi viko mitaani kwetu pia, na wanaovijaza ni watoto wetu. Pili, Isiolo ni mji wa mchanganyiko kama miji yetu. Hapa wanaishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Adhana inasikika kila upande, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni. Mwaka 2011 na 2012 mji huu ulitikiswa na mapigano ya kikabila; watu waliuawa na wengine wakahama majumba yao. Basi kabila likitajwa kwa hasira mbele ya watoto, hata kwa ajili ya mabao matatu ya uwongo, si jambo la kucheka.

Sina nia ya kuushutumu mpira wa televisheni. Ni mchezo mzuri, na mimi mwenyewe nimeshafungwa mara nyingi. Lakini hapana budi tuseme kweli juu ya mambo mawili.

La kwanza ni hiyo desturi ya mshinde kulipa. Sitoi fatwa, maana hiyo ni kazi ya masheikh wetu. Hata hivyo, kila Mwislamu anajua kwamba Sura ya Al-Maida imekataza kamari, na wazazi wengi hawana habari kwamba mtoto wao huingia chumbani bila senti mfukoni, akitumaini kumfunga mwenzake ili acheze bure. Yafaa waende wakawaulize masheikh kabla ya mazoea kuwa sheria.

La pili ni kwamba tumewazoesha vijana kudhani mchezo wa video lazima uwe wa kupambana. Sivyo walivyocheza wazee wetu peke yake. Dhumna huchezwa wawili kwa wawili, na keramu hali kadhalika. Unamtazama mwenzako aliyekaa mbele yako, unajifunza kumjua kwa namna anavyoliweka kete lake. Na ukiacha michezo ukaja kwenye kazi, nani aliyewahi kuliteremsha jahazi majini peke yake? Huku kaskazini wafugaji wana visima virefu ambavyo maji yake hupandishwa kwa watu waliopangana kutoka chini hadi juu, wakipokezana vyombo huku wakiimba. Akilegea mmoja, mifugo haipati maji. Jifya moja haliinjiki chungu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba michezo ya video ya kusaidiana ipo, na si mipya. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa watu wawili kushindana kwa kupigiana mpira. Lakini mwaka 1978 kampuni hiyo hiyo ikatoa Fire Truck, gari la zima moto lililohitaji madereva wawili: mmoja alishika usukani wa mbele, na mwingine aliongoza sehemu ya nyuma. Wasipoelewana, gari linagonga. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imeendelea kutungwa hata leo. Nimeijaribu kadhaa pamoja na mpwa wangu, na hapa nitataja ile ambayo naona yafaa kwa marafiki wawili.

Wa kwanza ni Overcooked, uliotolewa Uingereza mwaka 2016. Ni mchezo wa jikoni, na waweza kuchezwa na watu hadi wanne. Mmoja akatekate vitunguu, mwingine ainjike chungu, wa tatu aoshe sahani, na saa inakwenda mbio. Jiko lenyewe mara liko juu ya barafu, mara ndani ya merikebu inayoyumba hata meza zikahama. Aliyewahi kusaidia kupika biriani ya harusi ataijua ghasia hiyo papo hapo. Utaona kwamba mtu mwepesi sana wa mikono asiyesikiliza wenzake huwaharibia kazi kuliko mvivu.

Wa pili ni Portal 2, wa mwaka 2011, ambao huchezwa hata katika mashine za zamani za PlayStation 3 na katika kompyuta. Una sehemu maalumu ya wachezaji wawili. Kila mmoja huwa roboti mwenye bunduki isiyotoa risasi, bali hufungua milango miwili ukutani. Ukiingia kwa huu unatokea kwa ule. Kwa milango minne ya wawili hao, watafute njia ya kutoka. Ni mchezo wa akili. Lakini kilichonivutia zaidi ni sauti ya mashine inayowasimamia. Humsifu mmoja na kumbeza mwingine, ili wachukiane. Anayeisikiliza hafiki popote. Sijaona somo la fitina lililo wazi kuliko hilo, na hakuna aliyehubiri.

Wa tatu ni It Takes Two, wa mwaka 2021, uliotungwa Uswidi chini ya uongozi wa Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyehamia nchi hiyo utotoni. Mwaka huo huo ulitunukiwa heshima ya mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Mchezo huu hauchezeki na mtu mmoja kabisa. Habari yake ni ya mume na mke walioazimia kuachana. Machozi ya binti yao yanawageuza kuwa wanasesere wadogo, na hawawezi kurudi katika hali yao ila kwa kusaidiana. Mmoja hupewa nyundo, mwingine misumari. Mmoja akikosa, wote wawili wamekwama. Sisi ambao dini yetu imetufundisha kutafuta wasuluhishi kabla ya talaka hatuwezi kuiona habari hiyo kuwa ngeni. Hata hivyo nauweka kwa vijana waliokwisha komaa, na kwa mume na mke wenyewe, si kwa watoto wadogo, kwa sababu ugomvi wa wazazi ndio mada yake. Faida nyingine ni kwamba rafiki mmoja akiununua, mwenzake aliye mbali anaruhusiwa kucheza naye bila kununua wake.

Wa nne ni wa wasio na mashine kubwa. Unaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, ulitoka Kanada mwaka 2015, na huchezwa hata kwenye simu. Mmoja anaona bomu la kuchora lenye nyaya na vitufe. Mwenzake halioni, ila ana kitabu cha maelekezo ambacho chaweza kupigwa chapa kwenye karatasi. Basi waelezane kwa maneno tu, na dakika zinapungua. Faida yake katika lugha ni kubwa, maana kijana hujifunza kutofautisha kushoto na kulia, wa juu na wa chini, bila kubabaika. Ila namwomba msomaji acheze nyumbani. Sisi tuliozoea kusimamishwa na kupekuliwa njiani tunajua kwamba ndani ya basi si mahali pa kupiga kelele za bomu.

Kuna wengine husifu Stardew Valley, mchezo wa shamba, ambao marafiki hulima pamoja. Ni kweli una utulivu na unafundisha subira. Lakini mzazi ajue kwamba ndani yake mna baa, mna utengenezaji wa mvinyo, na mna nyumba ya kamari. Anayeweza kuyapita hayo ayapite, asiyeweza, auache.

Najua yupo atakayesema kwamba yote haya ni upotezaji wa wakati. Sitabishana naye sana. Mchezo wowote unaompita mtu na sala au na masomo ni hasara, uwe wa mashine au wa kete. Lakini watoto wetu wamo vyumbani tayari. Swali lililobaki ni wanacheza nini, na wakitoka wanatoka wakiwa nani. Michezo ya wawili kwenye televisheni moja husimamishwa kwa kubonyeza kitufe mara adhana inapotoka, wala hakuna mgeni aliye ng'ambo anayewangoja.

Ombi langu kwa wenye vyumba, wa Isiolo na wa pwani, ni dogo. Tengeni televisheni moja kwa michezo ya kusaidiana, na kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya kuanza. Hapo hapatakuwa na mshinde wa kudaiwa, wala mwenye chumba hatakosa riziki yake. Na pasipo na fedha ya kununua michezo mipya, hata mpira ule ule wa televisheni, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC badala ya FIFA, unakubali wachezaji wawili kuwa timu moja dhidi ya mashine.

Mwenye chumba niliyemtaja nilimweleza jambo hilo, naye akalijaribu. Wiki iliyofuata nilipopita niliwakuta vijana wale wale wawili wamekaa bega kwa bega kwenye benchi, pedi mikononi, wamevaa jezi moja ndani ya televisheni. Walikuwa wamekwisha fungwa na mashine mabao manne. "Nipe! Nipe! Rudisha nyuma!" mmoja alipiga kelele. "Ngoja basi, nakuona!" mwenzake akajibu. Walikuwa wakigombana bado, tena kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, na juu ya pasi. Ugomvi wa namna hiyo mimi nauruhusu.