Tupime Wenyewe: Maji, Udongo na Umeme wa Mitaa Yetu

Wiki hii kwenye kipindi tuliongea kuhusu bili na maji ya bomba, na muda haukutosha. Kwa hiyo naliandika hapa ninaloliamini: sisi tuliokulia Louisville, Columbus na Buffalo tuache kungoja mtu aje kutupimia mitaa yetu. Tupime wenyewe, tuandike, halafu tudai.

Hii ndiyo sayansi ya wananchi. Yaani watu wa kawaida wanakusanya vipimo kwa utaratibu uliokubaliwa, mtaalamu anavichunguza, na majibu yanarudi kwao. Hakuna anayekuuliza makaratasi. Shangazi ambaye bado hajapata uraia anaweza kujaza chupa ya sampuli vizuri kama mtu mwingine yeyote.

Watu wa Buffalo, mfano uko jirani yenu. Mtaa wa Love Canal, mjini Niagara Falls, ulijengwa kuzunguka mfereji uliojazwa taka za kemikali. Mwaka 1978 Lois Gibbs, mama wa nyumbani asiye na shahada ya sayansi, alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaumwa nini. Majibu akayaweka kwenye ramani. Beverly Paigen, mwanasayansi wa Buffalo, akamsaidia kuona kwamba magonjwa yalifuata vijito vya zamani vilivyofukiwa. Maofisa waliidharau kazi hiyo, lakini mwishowe mamia ya familia zilisaidiwa kuhama.

Flint, Michigan, vilevile. Mwaka 2014 mji ulianza kutumia maji ya mto, na wakubwa wakasema ni salama. Mwaka 2015 wakazi pamoja na watafiti wa Virginia Tech waligawa vifaa 300 vya kuchukulia sampuli, na zaidi ya 250 vikarudi. Vilionyesha risasi. Siyo ile ya bunduki, ni madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, na huwezi kuyaona wala kuyaonja kwenye maji. Oktoba mwaka huohuo mji ukaacha maji ya mto.

Wala si Marekani tu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi na wakazi wa mradi wa Ramani Huria walichora mitaro na maeneo yanayofurika, maana wenye mtaa ndio wanaojua maji hufika wapi.

Sasa tuje kwetu. Familia zetu nyingi zilianzia kwenye nyumba kuukuu za kupanga. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na mabomba mapya ya risasi mwaka 1986. Nyumba nyingi za Buffalo ni za zamani kuliko hapo. Louisville, mama zetu wanalima mchicha na maharage mjini, na udongo ulio karibu na nyumba ya zamani unaweza kubeba risasi ya rangi iliyobanduka. Columbus, mwaka 2013 gazeti la Columbus Dispatch lilionyesha jinsi wapangaji wanaouziwa umeme na maji na kampuni za kati walivyolipishwa zaidi.

Kuna watakaosema, "Hiyo ni kazi ya serikali, tunalipa kodi." Kweli, kubadilisha bomba ni kazi yao. Lakini asiye na namba mkononi huambiwa asubiri.

Na hapa ndipo zamu yetu ilipo. Wazee wanaujua udongo, sisi tunajua fomu. Tangu utotoni tumewatafsiria barua za shule na hospitali, basi tutafsiri na hizi. Sharti ni moja: majibu yamfikie kwanza mama aliyejaza chupa, kwa Kiswahili, kabla mtu hajayaandikia shahada yake.

Anza na nyumba moja. Maji yachukuliwe asubuhi kabla bomba halijafunguliwa, yakiwa yamelala humo saa 6 au zaidi. Udongo upelekwe ofisi ya ugani ya kaunti. Mita isomwe kila Jumapili, namba iandikwe na tarehe. Kisha mgongee jirani.