Nani Atubu Kwanza?

Katika Matendo ya Mitume sura ya 3, Petro anahubiri kwenye ukumbi wa Sulemani, Yerusalemu, muda mfupi baada ya kiwete kuponywa penye mlango wa hekalu. Hawapambii wasikilizaji wake maneno. Anawaambia Waisraeli wenzake kwamba walimkana Mwenye Haki wakaomba wafunguliwe muuaji. Anakubali kwamba walitenda hayo bila kujua, kisha anawataka watubu. Kabla hajamaliza anawakumbusha kwamba wao ni wana wa manabii na wa agano ambalo Mungu aliliweka na baba zao. Hasemi watakuwa wana wa agano wakishatubu. Wamekwisha kuwa, na kwa sababu hiyo inafaa watubu.

Mpangilio huo ndio tulioupoteza. Ukisikiliza wahubiri wa Afrika Mashariki wakizungumzia Wayahudi, hasa tangu Hamas iliposhambulia Israeli Oktoba 2023, utakutana na kambi mbili. Moja hufundisha kwamba Wayahudi walimkataa Masihi, wakapokonywa ahadi, na kila walichoahidiwa sasa ni mali ya Kanisa. Nyingine hufundisha kwamba ahadi ni za milele, hivyo anayeihoji serikali ya Israeli anajitafutia laana ya Mwanzo 12:3. Kambi hizi hazipatani hata kidogo, lakini kosa lao ni moja: zimeitenga toba na ahadi. Ya kwanza inawadai Wayahudi toba huku ikijisahau yenyewe. Ya pili imeifuta toba kabisa.

Anayedai kwamba Biblia imepanga jambo hili kwa utaratibu mmoja tu hajaisoma yote. Katika Kumbukumbu la Torati 30, watu waliotawanywa wanakumbuka, wanamrudia Mungu, ndipo anawakusanya. Katika Ezekieli 36 mambo yamepinduka: Mungu anawakusanya kwanza, anawanyunyizia maji safi, anawapa moyo mpya, na baada ya yote hayo ndipo wanazikumbuka njia zao mbaya na kujichukia. Tena anatamka wazi kwamba hafanyi hivyo kwa ajili yao, anafanya kwa ajili ya jina lake lililotiwa unajisi kati ya mataifa. Kwa Ezekieli, toba ni tunda la rehema na haiwezi kuwa bei yake.

Wayahudi wenyewe walilijadili swali hili mapema. Talmudi, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, inasimulia ubishi wa Rabi Eliezeri na Rabi Yoshua, waalimu wa kizazi kilichoshuhudia hekalu likibomolewa mwaka 70. Eliezeri alishikilia kwamba Israeli wakitubu watakombolewa, wasipotubu hawatakombolewa. Yoshua alimpinga kwa andiko juu ya andiko, na katika simulizi moja Eliezeri ndiye anayenyamaza mwishoni. Kwa hiyo anayehubiri kana kwamba Myahudi hajui toba ni nini, huku watu hao wana siku nzima ya kufunga kila mwaka, Siku ya Upatanisho, ambayo alasiri yake husomwa kitabu cha Yona, anaonyesha tu kwamba hajawauliza. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaongeza sharti ambalo lingetufaa na sisi: siku hiyo haiondoi kosa ulilomtendea mwenzako mpaka umwendee ukamridhishe.

Tumfikie Paulo, maana kila upande humvuta kwake. Warumi 9 hadi 11 haikuandikwa hewani. Mnamo mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma, na Akila na Prisila walikuwa miongoni mwa waliohama. Klaudio alipofariki mwaka 54 walianza kurudi. Yaelekea kipindi hicho waumini wa mataifa walizoea kuendesha kanisa peke yao, na waliporejea wenzao wa Kiyahudi waliwaona kama watu waliopitwa na wakati. Miaka michache baadaye Paulo anaandika. Anaumia kwa ajili ya ndugu zake, na hafichi kwamba wengi wao hawakumwamini Kristo. Lakini karipio lake kali kuliko yote amewaelekezea matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa: yasijivune, kwa kuwa hayalichukui shina, shina ndilo linaloyachukua, nayo yanaweza kukatwa vilevile. Katika sura hiyo hiyo anasema karama na mwito wa Mungu havina kughairiwa.

Kanisa lilisoma maneno hayo na kuyapita. Katikati ya karne ya pili Yustino Mfiadini aliandika kwamba Wakristo ndio Israeli wa kweli. Mwaka 386 na 387, mjini Antiokia, Yohane Krisostomo alitoa mfululizo wa mahubiri makali dhidi ya Wayahudi. Chanzo chake kinashangaza: baadhi ya waumini wake walipenda mno kwenda sinagogi na kuhudhuria sikukuu za Kiyahudi, naye akaamua kuwatisha. Hasira ya mchungaji aliyewaonea wivu majirani ikageuka kuwa maandiko yaliyonukuliwa kwa karne nyingi. Agostino alikuwa mpole zaidi. Alitaka Wayahudi wasiuawe, waishi wametawanyika, wawe mashahidi wa ukweli wa Maandiko. Ni upole wa mpangaji anayemruhusu mwenye nyumba alale barazani.

Kisa cha Martin Luther kinaeleza tatizo lenyewe kuliko vyote. Mwaka 1523 aliandika kitabu cha kuwatetea Wayahudi, akaulaumu ukatili waliotendewa na Kanisa, akitumaini kwamba wakifundishwa Injili kwa wema wengi wataipokea. Hawakuipokea. Mwaka 1543 aliandika kingine, akawashauri watawala wayachome masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi na kuwanyang'anya vitabu vyao vya sala. Wanahistoria hutaja mengi, pamoja na uzee na maradhi yake. Mimi naona pia mantiki ya upendo uliokuwa na masharti tangu mwanzo: toba iliyotarajiwa ilipokosekana, wema uligeuka ghadhabu. Novemba 1938, masinagogi ya Ujerumani yalipokuwa yameteketezwa, Askofu Martin Sasse wa Thuringia alichapisha kijitabu cha maneno ya Luther na kufurahia kwamba moto ule uliwaka siku ya kuzaliwa kwa mwanamageuzi huyo.

Baada ya vita ungetegemea makanisa ya Ujerumani yaanguke kifudifudi. Oktoba 1945, mjini Stuttgart, viongozi wa Kiprotestanti walikiri hatia, lakini tamko lao halikuwataja Wayahudi. Aprili 1948, mjini Darmstadt, baraza la ndugu waliotoka katika Kanisa lililompinga Hitler, yaani watu wenye ujasiri wao, lilitoa neno kuhusu Wayahudi likirudia fundisho la zamani: Israeli kwa kumsulubisha Masihi walikataa uteule wao, na hukumu ya Mungu inawaandama. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya Auschwitz! Watu wale hawakukosa machozi. Fundisho ndilo lililowafunga. Aliyeaminishwa kwamba Mungu mwenyewe amemtupa jirani yake atapata wapi maneno ya kumwomba jirani huyo msamaha? Mwaka 1950 ndipo sinodi iliyokutana Weissensee, Berlin, ilipotamka kwamba ahadi ya Mungu kwa Israeli imebaki na nguvu hata baada ya kusulubiwa kwa Kristo. Sinodi hiyo hiyo ikakiri kwamba Wakristo, kwa kutotenda na kwa kunyamaza, walishiriki hatia ya uovu waliotendewa Wayahudi. Fundisho liliporekebishwa, kinywa kikafunguka.

Upande wa Katoliki njia ilipita kwa mzee mmoja. Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa ambaye mkewe na binti yake waliuawa Auschwitz, alimwendea Papa Yohane XXIII Juni 1960 akiwa na hoja zake dhidi ya mafundisho ya dharau. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko la Nostra Aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Likakataa kuwatwika Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu, na kukataa wasisemwe kuwa wamelaaniwa na Mungu. Mwezi Machi mwaka 2000 Yohane Paulo II aliweka sala ya kuomba msamaha katika Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu. Alikwenda mwenyewe, kama Mishna ilivyotaka.

Na sisi? Walutheri wa Tanzania wana sehemu yao katika historia hii, nayo inastahili kusimuliwa katika madarasa ya kipaimara. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Ni katika kipindi chake, mwaka 1983 mjini Stockholm, wajumbe wa Kilutheri walipokaa na wawakilishi wa Wayahudi na kukiri kwamba maneno makali ya Luther dhidi yao ni dhambi wasiyoweza kuitetea. Mkutano mkuu wa Budapest mwaka 1984 ukaipokea taarifa hiyo.

Linabaki swali gumu: je, Mkristo anaweza bado kumwita Myahudi atubu na kumwamini Yesu? Mwaka 2015 tume ya Vatikano ilieleza kwamba Kanisa Katoliki haliendeshi wala haliungi mkono umisionari rasmi unaowalenga Wayahudi, ingawa Wakristo hawakatazwi kuishuhudia imani yao kwa unyenyekevu. Mwaka 2016 sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani ilikwenda mbali zaidi na kuukataa umisionari huo. Wainjilisti wengi wanauona uamuzi huo kuwa usaliti, na wapo Wayahudi wanaomwamini Yesu ambao wanahisi wamefutwa. Mimi siwezi kuyachana mahubiri ya Petro. Mwito wake ulikuwa wa watu wote, na kulitenga taifa moja nao ni namna ya kulitupa. Hata hivyo Petro alizungumza na ndugu zake, naye mwenyewe alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu muda si mrefu kabla ya hapo. Anayetaka kuyarudia maneno yale aanze hapo alipoanzia Petro, kwa kulia.

Kambi ya pili, ile iliyoifuta toba, nayo ina historia yake. Mafundisho yake mengi yanatokana na John Nelson Darby wa karne ya 19, yakasambazwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909, na kwetu yakaingia kwa vitabu, redio na televisheni za wahubiri wa Marekani. Leo bendera ya Israeli inapepea katika makanisa kadhaa ya Nairobi na Dar es Salaam, na mafuta ya Yerusalemu yanauzwa pamoja na ahadi ya baraka. Wengi wanaoipeperusha bendera hiyo hawajaambiwa mwisho wa mpango huo: kwa usomaji wa Zekaria 13:8 ulioenea katika shule hiyo, theluthi mbili za Wayahudi nchini mwao zitaangamia katika dhiki kuu kabla waliobaki hawajatubu. Urafiki wa namna hiyo una kisu chini ya meza.

Manabii hawakuijua ahadi isiyokaripia. Amosi alihubiri kwamba Mungu aliwajua Israeli peke yao, na kwa hiyo atawapatiliza maovu yao. Akaongeza jambo linalorukwa na wengi, kwamba aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Eliya alimkabili Ahabu ndani ya nchi ile ile ya ahadi kwa sababu ya shamba la mizabibu la Nabothi. Kusema ahadi inadumu hakumfanyi mfalme awe juu ya amri. Agosti 2006 viongozi wanne wa makanisa ya Yerusalemu, mmoja wao Askofu Munib Younan, Mlutheri wa Kipalestina, walitoa tamko la kuukataa Uzayuni wa Kikristo, yaani mafundisho ya kambi hii. Mwaka 2010 Younan alichaguliwa kuketi katika kiti kile kile alichokalia Kibira. Kwa hiyo anayepandisha bendera madhabahuni ajue kwamba upande wa pili wa ukuta unaowatenga Wapalestina wako Wakristo wenzake wanaosoma Warumi hiyo hiyo. Na anayewaonea huruma hao asipitilize hadi kuwafutia Wayahudi agano lao, wala asiukwepe msiba wa tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo hata vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walipoteza maisha.

Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na shule nzuri ya toba. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu kusimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao kwa majina, na kurudisha walichoiba. Ndugu wa Uamsho walikuwa na kasoro zao, lakini hili walilijua: anayesimama kutubu hutubia za kwake.

Ndugu mhubiri, Jumapili utakapoifungua Warumi 11 kuthibitisha kwamba Wayahudi wametupwa, au kwamba hawapaswi kuhojiwa, usianzie mstari wa 29. Anzia wa 13. Hapo Paulo anataja anasema na nani: anasema na sisi watu wa mataifa.