Fataki, Gobori na Makaburi ya Ndabibi

Mauaji ya Lord Erroll yameandikiwa vitabu, na mwaka 1987 yakafanyiwa filamu, lakini liko jambo moja katika kesi ile ambalo wasimulizi hulipita mbio, nalo ni baruti. Maiti yake ilikutwa ndani ya gari huko Karen, alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941. Risasi zilipochunguzwa ilionekana kuwa zimepigwa kwa baruti nyeusi, baruti ya kizamani ambayo majeshi ya Ulaya yalianza kuiacha tangu karne ya 19.

Mshitakiwa, Sir Jock Delves Broughton, alikuwa amewaarifu polisi siku chache kabla ya hapo kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, alishika neno moja asiliachie: mtutu wa Colt una michirizi sita ipindayo kushoto, na risasi za mauti zina alama tano zipindazo kulia. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton akaachiwa huru. Bastola yenyewe haijaonekana hata leo. Ilikuwa ya viasi, si ya fataki, lakini baruti yake ni ile ile ya zama za fataki.

Niliyatafakari hayo nilipofika Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha. Huko amezikwa Diana, aliyekuwa mke wa Broughton, baina ya waume wawili waliomwoa baadaye: Gilbert Colvile, aliyekuwa bwana wa mifugo na mashamba ya pale, na Lord Delamere wa nne. Mashamba hayo yalipatikana kwa nguvu za bunduki, nasi wa pwani tunazijua bunduki hizo tangu kabla ya reli.

Bastola ya fataki ina taabu yake. Kila tundu la kigudulia chake hutiwa baruti, kisha hushindiliwa risasi, na nyuma huvikwa fataki kama kofia ndogo ya shaba. Nyundo ikigonga fataki, cheche huingia ndani. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1836. Robert Adams wa Uingereza akaja na yake mwaka 1851. Speke aliyekuja Unguja na Burton alikuwa na mojawapo ya hizo aliposhambuliwa Berbera mwaka 1855. Kigudulia kilikwama katikati ya vita, naye mwenyewe alidhani ni fataki iliyonasa. Akachomwa mikuki mwili mzima, akapona kwa majaaliwa.

Wazee wetu hawakuwa mbali na mambo haya. Merikebu za Salem zilileta Unguja merikani, bunduki na baruti, na walio bara wakazinunua kwa pembe. Kisha likaja Azimio la Brussels la mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalizuia silaha bora zisiingie Afrika mikononi mwa wenyeji, wakaruhusu gumegume zisizo na michirizi na baruti duni ya biashara. Maana yake, Mwafrika abaki na jiwe la kugonga, na mgeni aje na bunduki ya viasi! Ukiuliza Naivasha ilitekwaje, anzia hapo.

Siku hizi ziko jumuiya Ulaya na Marekani za wapenzi wa bastola za fataki. Wanazikusanya, wanashindana kulenga shabaha, na Italia wanafua mpya kwa mfano wa zile za kale. Uingereza ilipopiga marufuku bastola mwaka 1997, baada ya watoto kuuawa Dunblane, zile za kushindilia kwa mbele ziliachwa ziendelee kwa kibali. Huko ni mchezo na turathi. Kwetu, gobori likikutwa uvunguni ni habari ya polisi, na sioni kwamba polisi wanakosea: gobori huua ndovu, na huua mtu pia.

Lakini sheria ya Kenya ya makumbusho ya mwaka 2006 inasema kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale na kinahifadhiwa. Gobori la babu lililoshuka Lamu mwaka 1880 basi ni nini, turathi au hatia? Mwaka 2016 serikali ilichoma silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong. Silaha za wahalifu zichomwe, wala sina huruma nazo. Ninachotaka ni mtu wa makumbusho asimame kando ya rundo kabla ya kiberiti kuwashwa. Fort Jesus mizinga inatunzwa. Gobori la mwananchi nalo lina haki ya kuandikiwa kibandiko.

Mwenye nalo nyumbani asilifiche, na wala asilichezee. Atafute ushauri wa wakili au watu wa makumbusho namna ya kulikabidhi, na mtutu usielekezwe kwa mtu, kwa maana silaha ya kushindilia haionyeshi kwa nje kama imo baruti ndani.