Mama mwenye mimba na kazi mpya: tuulize kwanza ni kazi gani



Kazi haichagui wakati wa kuja. Mama anaandika barua ya kuomba kazi, anangoja miezi, anasahau. Siku anapoitwa, amekwisha kuwa na mimba ya miezi mine. Hapo maneno yanaanza nyumbani. Mume anasema: «Ngoja uzae kwanza.» Mama mkwe anasema kazi itaharibu mimba. Jirani anamshauri ajifunge kitambaa kikubwa, afiche tumbo mpaka kontra itiwe sahihi. Mama mwenyewe anafikiri feza za kalasi ya watoto na deni la duka.

Sisi tunaona kwamba wote hao wanajibu mbele ya kuuliza. Mimba si ugonjwa. Lakini kazi nazo hazifanani. Swali la kwanza ni hili: kazi gani, na mahali gani?

Kuandika katika biro, kufundisha kalasi, kuuza dukani: mama mwenye afya anaweza kuanza kazi kama hizo, akiwa na kiti, maji ya kunywa na wakati wa kupumzika. Lakini kusaga mawe ya sampuli, kushika asidi, kusimama penye moshi wa tanuru, kubeba mizigo mizito: hizo si kazi za kuanza na mimba. Madini ya risasi, kwa mfano, yakiingia katika mwili wa mama kwa vumbi ao kwa moshi, yanapita katika damu yake na kumfikia mtoto tumboni.

Sheria inasema nini? Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inakataza kumlazimisha mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba, isipokuwa kwa kazi zinazokatazwa kwa wenye mimba ao zenye hatari kwa mama na mtoto. Munganga akiona hatari, mama ana haki ya kusimamisha kontra yake kwa muda bila kulipa kitu. Kwa kuzaa anapewa konje ya juma 14, na sehemu mbili kwa tatu za mshahara. Katika wakati huo hawezi kufukuzwa. Akirudi, anapata nusu saa mara mbili kila siku ya kumnyonyesha mtoto.

Tunajua kwamba sheria haitembei yenyewe. Kuna wakubwa wa kazi wanaotafuta sababu nyingine, zaidi katika miezi ya kujaribiwa. Kwa hiyo mama halazimishwi kumhadisia karani habari za tumbo lake. Lakini munganga asifichwe hata kidogo. Yeye anatunza siri, na ndiye anayeweza kusema: «Mahali hapa hapakufai, utafutiwe pengine.» Kitambaa kinaficha tumbo mbele ya macho ya watu, hakizuii vumbi.

Sasa neno kwa akina baba. Mwaka 2020, waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza katika gazeti The Lancet Planetary Health matokeo ya utafiti uliofanywa Lubumbashi tangu mwaka 2013 mpaka 2015. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kilema kinachoonekana na wengine waliozaliwa bila kilema. Waliona kwamba hatari ya kilema ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba yao alitumika kazi ya madini. Maana yake si kwamba kila baba wa mgodi atazaa mtoto mwenye kilema. Lakini mimba haiwi jambo la mama peke yake.

Baba anayemkataza bibi kazi ya biro kwa kulinda mimba, halafu jioni anamtupia nguo zenye vumbi la mgodi azifue kwa mikono, amelinda nini? Oga kazini. Badilisha nguo na viatu kule kule. Nguo za kazi zisichanganywe na nguo za watoto.

Tena, tangu mwaka 2016 sheria ya jamaa imebadilishwa: bibi hangoji tena ruhusa ya mume ili atie sahihi. Sheria inataka wapatane. Basi wakae wawili, wajibu maswali haya mbele ya kutia sahihi:

1. Ni kazi gani kweli, saa ngapi, mchana ao usiku? Waulize watu wanaoitumika.
2. Munganga amepima mama na kusema nini?
3. Kuna mahali pengine pa kumhamisha tumbo likikua?
4. Nani atachota maji, atapika na kufua, mama akirudi amechoka?

Kama majibu ni mazuri, mama aanze kazi bila haya. Kama ni mabaya, aache kazi hiyo, hata mshahara ukiwa mzuri. Na kama jibu la swali la nne ni «mama mwenyewe», basi baba abadilishe jibu hilo kwanza.