Hao Si wa Kufa Tu

Wazazi wenzangu, na hasa ninyi tunaosali pamoja,

Pita mtaani kwako siku ya shule, saa tisa alasiri, usikilize. Kwenye kibanda umiza utasikia risasi, kisha vicheko. Vicheko ndivyo vinavyonitia hofu kuliko risasi. Ndani, kwenye mabenchi, wamekaa watoto wenye sare, mashati wameyachomoa, wanamwangalia steringi akiwamaliza walinzi wa adui mmoja baada ya mwingine. DJ anayetafsiri anatia utani pale shingo inapovunjwa, na kibanda kizima kinaangua kicheko. Wanaoanguka hawana majina wala wa kuwalilia. Picha inasonga mbele.

Nina kijana wa kidato cha pili. Jioni moja tulikuwa tunaangalia muvi wote sebuleni, mlinzi akapigwa risasi langoni, nikamuuliza: huyu naye si ana watu wake nyumbani? Akanitazama kwa mshangao. "Mama, hao ni wa kufa tu." Si mtoto mkatili. Ni mpole, anaimba kwaya, na bibi yake akiumwa yeye ndiye wa kwanza kukaa naye. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni kanuni za mchezo, na kanuni hiyo ameifundishwa vizuri, muvi baada ya muvi.

Hapo ndipo imani yetu inapogombana na burudani hii. Tunaamini kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo hakuna mtu wa kufa tu. Najua nitaulizwa: Biblia nayo si imejaa damu? Imejaa. Lakini tazameni inavyoisimulia. Habili anauawa katika sura ya nne tu ya kitabu cha kwanza, na damu yake inamlilia Mungu kutoka ardhini. Absalomu anampindua baba yake, Mfalme Daudi, anauawa vitani, na mfalme aliyepaswa kusherehekea ushindi anapanda chumbani kumlilia. Daudi huyohuyo alikuwa amemtuma askari wake Uria mstari wa mbele ili afe. Uria angeweza kupita kama mmoja wa wale walinzi wa langoni. Lakini Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu, akifika kwa Sulemani hamtaji mama yake, Bathsheba, kwa jina. Anamtaja kuwa mke wa Uria. Jina la askari aliyeuawa kwa hila limewekwa ndani ya ukoo wa Mwokozi, na kila anayesoma Injili hiyo lazima akutane nalo.

Kwa hiyo siombi watoto wetu wasione kifo kwenye skrini. Wanakiona misibani, na ni vyema wakione. Ninachoomba ni kwamba kifo wanachooneshwa kiwe na uzito.

Wala sitaki tuseme zaidi ya tunachojua. Hata kwenye magemu, wapo wanaodai mtoto akicheza la kuua atakuja kuua. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisisitiza kwamba si sahihi kisayansi kuyabebesha magemu lawama ya mauaji, maana mauaji yana vyanzo vingi. Kilisema pia kwamba uhusiano mdogo unaonekana kati ya magemu hayo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Mimi hilo dogo linanitosha. Silei mtoto ili tu asiwe muuaji. Namlea ampende jirani yake, na hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Wenzetu wa Marekani, zinakotoka nyingi ya muvi hizi, nao walilalamika, na malalamiko yao yalizaa matunda. Mwaka 1984 wazazi waliwapeleka watoto wao kuona filamu za Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, wakakuta ukatili ambao hawakuonywa. Mwaka huohuo ikaanzishwa alama ya PG-13, inayowaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Gemu la Mortal Kombat nalo lilipozua hasira, suala likafika Seneti mwaka 1993, na mwaka uliofuata kampuni za magemu zikaunda chombo cha kupanga umri wa wachezaji. Ndiyo maana Grand Theft Auto V, ambayo vijana wetu wanaicheza kwa kulipia muda kwenye vyumba vya gemu, imeandikwa umri wa kuanzia miaka 17 kwenye jalada lake.

Lakini nani hapa kwetu analiona jalada? Kijana anapeleka flashi kwenye duka la muvi, anawekewa muvi tano, anaondoka nazo mfukoni. Alama ya umri imebaki huko filamu ilikotengenezwa. Squid Game ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa tamthilia ya watu wazima, na anayeitazama yote anaona watu waliozama kwenye madeni, wakilia na kusalitiana. Watoto wengi waliipata vipande vipande kwenye simu: mdoli mkubwa anageuza kichwa, risasi zinalia, watu wanaanguka. Machozi yalikatwa, yakabaki mauaji.

Sheria tunayo. Tangu mwaka 1976 tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na Bodi ya Filamu ina kazi ya kupanga filamu kwa madaraja ya umri. Bodi haiwezi kukaa mlangoni pa kila kibanda. Sisi tunaweza, kwa sababu tunapita hapo kila siku. Na mzazi mmoja hawezi peke yake: ukiweka namba ya siri kwenye king'amuzi chako, mwanao ataangalia kwenye simu ya mwenzake. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, badala ya kuhangaika na king'amuzi changu.

Mwenye kibanda ni jirani yetu, anatafuta ada ya watoto wake kama sisi. Tumwendee watu watano au sita, kwa heshima, pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akina baba wawemo, maana jambo hili limeachiwa akina mama kwa muda mrefu mno. Tusiende na vitisho. Tumwombe mwanafunzi asiingie saa za masomo, na picha za wakubwa zingoje usiku, watoto wakiwa wamelala. Nasi tumpe neno letu: Jumamosi mchana tutawaleta watoto wenyewe kwa picha tuliyokubaliana, kwa kiingilio kilekile. Mama Mwislamu wa nyumba ya pili ana hofu hiyohiyo niliyo nayo. Twende naye.

Kwa ninyi mnaotafsiri, nina ombi moja. Sauti yenu ndiyo imechukua nafasi ya jalada. Watoto wanawajua kwa majina na wanaiga hata kicheko chenu. Kabla picha haijaanza, semeni umri: hii ni ya kuanzia miaka 18. Ni sekunde tatu. Na mtu anapouawa, acheni utani, picha ipite kimya. Bodi ya Filamu nayo ifanye tamko hilo la umri kuwa sharti.

Kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa: kumbi zetu zinakaa tupu siku nyingi za wiki, na projekta tulizonunua kwa michango zinasubiri harusi na semina. Zifungueni kwa vijana mara moja kwa mwezi. Tuangalie nao muvi nzuri, hata yenye vita ndani yake, kisha tuwaulize aliyekufa alikuwa nani na amewaacha akina nani. Halafu tunyamaze, waseme wao. Wakihisi wameitwa kuhubiriwa, hawatarudi mwezi ujao.

Wiki hii jumuiya zitakutana majumbani kama kawaida. Kabla ya kufika kwenye michango, ombeni dakika kumi. Chagueni watu wa kwenda kibandani, na siku ya kwenda iandikwe kwenye daftari la jumuiya.